Ngamia wa Nabii Saleh na Nchi ya al-Hijri

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaithubutisha kwa milima, akaeneza juu yake kila namna ya kiumbe chenye roho, akamgawia kila mmoja riziki yake na maji yake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, nimeulizwa mara nyingi katika miaka hii, na wazee na vijana, khabari ya safari ya al-Hijri, nayo ni nchi ya Thamud, watu wa Nabii Saleh (A.S.), ambayo wengi huiita Madaini Saleh. Zamani mtu wa pwani yetu aendaye Hija hakuwa na haja ila ya Makka na Madina, akimaliza hurudi kwao. Lakini serikali ya Saudia ilianza kutoa ruhusa za utalii mwaka 2019, na mahali pale pakafunguliwa kwa watazamaji mwaka 2020, na sasa msafiri wa Umra akimaliza ziara ya Madina huambiwa kwamba liko gari la al-Ula, mwendo wa kilomita kiasi ya 300 upande wa kaskazini, na huko kuna maajabu ya kutazamwa. Hapo ndipo watu wanapokhitilafiana. Wako wasemao kwamba kuitia mguu nchi ile ni haramu moja kwa moja, na aendaye hurudi na laana. Na wako waendao kama waendao harusini, kwa vicheko na vyakula, kisha hutuonyesha picha zao wamesimama milangoni mwa makaburi, mikono kiunoni. Wa kwanza wameharamisha kwa ukali usiokuwa na dalili, na wa pili wameufungua mlango zaidi ya ulivyofunguliwa.

Jueni kwanza ya kuwa kutazama ni ibada, ikiwa mtazamaji ana moyo. Katika Qurani Tukufu tumeamrishwa mara nyingi kwenda katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wala sharia haikuchukia macho kufurahi. Katika Sura ya Nahli Mwenyiezi Mungu ametukumbusha uzuri tuuonao kwa wanyama wetu wanaporejea jioni na wanapotoka asubuhi, nao ni uzuri mbali na nyama yao na manufaa mengine. Na katika Sura ya Ghashia, ambayo watoto wetu chuoni huihifadhi kabla ya kujua kuandika majina yao, tumeitwa tutazame vitu vinne, navyo ni ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa, na milima ilivyosimamishwa, na ardhi ilivyotandazwa. Angalieni mpango wake: ngamia ametajwa mbele ya mbingu, na mbele ya milima. Mtu apandaye gari kwenda kutazama mawe ya al-Hijri na asimkumbuke ngamia, huyo ameanzia mwisho.

Sasa niwaeleze mahali penyewe. Al-Hijri ni bonde la mchanga kiasi ya kilomita 20 kutoka mji wa al-Ula. Mji huo ni wa Waislamu tangu kale, una mitende na chemchemi, nao haumo katika khabari ya adhabu. Katika bonde lile yamesimama majabali mekundu, peke peke, kama majahazi yaliyopwelewa, na katika nyuso za majabali yamechongwa makaburi makubwa 111, na 94 katika hayo yana mapambo ya nguzo, na ngazi, na ndege wenye mbawa zilizokunjuliwa. Liko moja limechongwa katika jabali lililojitenga na mengine yote, waliita Kasri al-Farid. Sehemu yake ya juu imelainishwa vizuri na ya chini imebaki jiwe ghafi, kwani mafundi walikuwa wakianza kuchonga juu wakishuka chini, na kazi ile haikumalizika. Mwaka 2008 pahali hapa pakawa pa kwanza katika nchi ya Saudia kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Na hapa pana jambo ambalo sipendi kulificha, kwa sababu msomaji atakayekwenda ataambiwa na wenyeji wa kazi hiyo, na huenda likamtia shaka. Makaburi yale yana maandishi, na maandishi yamesomwa. Wenyewe ni Wanabati, watu wa ufalme uliokuwa na makao yake Petra katika nchi ya Jordani, na tarikhi zilizoandikwa juu ya milango ni za karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (A.S.), katika siku za mfalme wao Haritha na waliomfuatia. Mtu huandika jina lake, na jina la mkewe na wanawe, kisha humlaani atakayeliuza kaburi au kulikodisha au kumzika ndani yake mtu asiyestahiki, na humtoza faini. Ufalme huo ukachukuliwa na Warumi mwaka 106. Ama Thamud, jina lao limeonekana katika maandishi ya mfalme Sargon wa Ashuru, aliyepigana na watu wenye jina hilo kiasi ya miaka 700 na zaidi kabla ya Nabii Isa.

Basi je, elimu hii inakhalifu Qurani? Haikhalifu hata kidogo. Qurani imetwambia kwamba Thamud walikuwa wakichonga majumba katika milima, wala haikutwambia kwamba kila mlango uuonao leo ni wao. Na Bwana Mtume (S.A.W.) ametujulisha kwamba nchi ile ni nchi yao. Ardhi moja hukaliwa na kaumu baada ya kaumu, na ajaye huchonga pembeni mwa aliyeondoka, pengine juu yake. Mwenye kung'ang'ania kwamba kila jiwe ni la Thamud huitia dini katika ushindani usio na haja, na siku akionyeshwa maandishi hutahayari bure. Kwangu mimi, Wanabati wamezidisha mazingatio wala hawakuyapunguza: wale walioandika laana juu ya milango yao ili nyumba zao zisiingiliwe, leo watu huingia humo kwa tikiti.

Turudi kwa Bwana wetu Mtume (S.A.W.), kwani yeye ndiye aliyetufundisha namna ya kupita pale. Mwaka wa 9 wa Hijra, nao ni mwaka 630, alipokuwa akienda Tabuk pamoja na jeshi kubwa katika joto na dhiki, njia iliwapitisha al-Hijri. Ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sayyidna Abdallah bin Umar (R.A.), ni kwamba Mtume aliwakataza masahaba kuingia katika makao ya watu waliojidhulumu nafsi zao isipokuwa wawe wanalia, wasije wakafikwa na mfano wa yaliyowafika wale. Kisha akajifunika kichwa, akauendesha mnyama wake kwa haraka mpaka akalipita bonde. Na watu walikuwa wamekwisha teka maji katika visima vya pale na wamekwisha kanda unga. Akawaamrisha wayamwage maji, na kinyunga wawape ngamia wao, na wakateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Saleh.

Zingatieni, ndugu zangu. Jeshi liko safarini, lina kiu, na unga umekwisha lowana. Hakusema kwamba maji ni najisi, wala hakuruhusu yanywewe. Imam Nawawi (R.A.) katika kitabu chake cha Majmuu amelieleza jambo hili kwa mujibu wa madhehebu yetu: maji yale kwa asili yake ni tahiri, lakini kuyatumia katika udhu na katika mengine ni jambo la kuachwa ila kwa dharura, kwa kuwa sunna yake ni sahihi na hapana cha kuipinga, na Imam Shafi mwenyewe amesema kwamba hadithi ikisihi ndiyo madhehebu yake. Wenye kuandika hawashi baada yake wakayatia maji ya nchi ya Thamud katika orodha ya maji yenye kukirihishwa, isipokuwa kisima cha ngamia. Kwa hivyo mwenye kuuliza kama udhu wake ulisihi, jawabu ni kuwa ulisihi, na kama alifanya vyema, jawabu ni kuwa hakufanya vyema.

Na Waislamu waliishika adabu hii muda mrefu. Ibn Battuta alipita pale mwaka 1326 pamoja na msafara wa mahujaji wa Sham, akasimulia kwamba maji ya visima vya Thamud ni mengi, lakini hapana mtu ayatekaye hata akiwa na kiu kali, kwa kumfuata Mtume. Aliiona milango ya majumba, akastaajabu kwamba nakshi zake ni kama zilizochongwa jana. Msafiri huyu ndiye aliyefika pwani yetu miaka mitano baadaye, mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja kisha akenda Kilwa. Katika mambo aliyoyataja juu ya watu wa Mombasa ni kwamba wao ni Mashafi, watu wa dini na wema, na kwamba katika kila mlango wa msikiti kuna kisima na kata ya mti yenye mpini, mtu huosha miguu yake ndipo aingie. Napenda sana maneno hayo mawili yawe katika kitabu kimoja: kule kisima kimejaa na hakinywewi, na huku kisima kifupi cha mlangoni, kila mpitaji amewekewa kata.

Kwa nini nikasema haya ya visima? Kwa sababu kisa cha Thamud chote ni kisa cha maji na mnyama. Wengi wetu tukikisoma huyaona mawe tu na ukelele uliowaangamiza. Lakini walitakiwa nini watu wale? Walimwomba Nabii Saleh muujiza, wakaletewa ngamia jike. Hawakuambiwa wamlishe wala wamtunze kwa mali yao, waliambiwa wamwache ale katika ardhi ya Mungu na wasimguse kwa ubaya, na maji yawe kwa zamu, siku moja yake na siku moja yao. Ni hayo tu. Watu wenye uwezo wa kulikata jabali likawa nyumba walishindwa kuvumilia mnyama mmoja kunywa siku moja kati ya siku mbili. Na katika Sura ya Shamsi mmeisoma wenyewe, kwamba aliyeinuka kumchinja ni mmoja, muovu wao, lakini kitendo kimenasibishwa kwao wote, na adhabu ikawafunika wote, kwa sababu wengine waliridhia. Katika darasa mtoto huuliza kila mwaka: Maalim, kosa la wengine ni nini, nao hawakushika kisu? Nami humjibu kwamba walimwita mwenzao, ndivyo Sura ya Qamari inavyosema, naye ndiye aliyekishika.

Msidhani kwamba khabari hizi zimekwisha na Thamud. Nitawapa kisa cha karibu, tena cha nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa ndani yake, nayo ni Oman. Katika jangwa la Jiddat al-Harasis alikuwako mnyama ambaye Waarabu humwita maha, naye ni wa jamaa ya choroa wetu wa bara, mweupe kama maziwa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyoka. Mwenyiezi Mungu amemuumba akae mahali pasipo mto wala chemchemi, akapata maji yake katika majani yaliyolowana kwa umande na ukungu utokao baharini. Hakumdai mtu kisima, wala zamu. Watu wenye magari na bunduki wakamfukuza mchangani, si kwa njaa, bali kwa mchezo na fakhari, mpaka mwaka 1972 wale wa mwisho walipouawa, na asibaki porini hata mmoja katika dunia nzima.

Waliosalia walikuwa wachache waliofugwa mbali, baadhi yao katika bustani ya wanyama ya mji wa Phoenix huko Marekani, ambako kundi lilianzwa mwaka 1963. Sultani Kabus akataka warudishwe kwao, na mwaka 1982 wakafunguliwa jangwani maha 10, na walinzi wao wakawa watu wa kabila la Harasis wenyewe, wenye nchi. Wakazaana. Mwaka 1994 UNESCO ikaliandika jangwa lile katika urithi wa dunia, na mwaka 1996 wanyama wakafika 450. Kisha wezi wakaingia tena, wakawakamata wakiwa hai ili wawauze kwa matajiri wapendao kufuga, na waliowafia njiani hawana hesabu. Mwaka 2007 wakabaki 65, na serikali ikaipunguza nchi iliyokuwa imehifadhiwa kwa asilimia 90, kwa kuwa mafuta yametafutwa humo, na UNESCO ikalifuta jina la mahali pale katika orodha yake, nalo lilikuwa jina la kwanza kufutwa tangu orodha ilipoanza. Maha hawakuisha, alhamdu lillahi. Wamerudishwa katika nchi mbalimbali za Arabuni, na mwaka 2011 walihisabiwa porini kiasi ya 1,000. Lakini aibu ya mwaka 2007 imekwisha andikwa. Nani aliyewaua? Ukiuliza utatajiwa wezi wachache. Na nani aliyekuwa akinunua?

Nisije nikaambiwa kwamba naleta siasa za Wazungu katika waadhi. Huyo huyo Ibn Umar aliyetupokelea hadithi ya al-Hijri ndiye aliyepita kwa vijana waliomfunga kuku wakamfanya shabaha ya mishale yao. Walipomwona wakatawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya hivi, akawapa khabari kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya shabaha kitu chenye roho. Kuku huyo alikuwa na mwenyewe, na Ibn Umar asingeshindwa kunyamaza akapita. Kuwinda kwa ajili ya kula ni halali, hapana shaka, na vitabu vyetu vina mlango mzima wa masharti yake. Ama kumuua mnyama ili upigwe picha umemkanyaga, hilo si mawindo. Na katika milima ile ile ya al-Ula, leo watu wanajitahidi kumrudisha chui wa Arabuni, ambaye wanaobaki wake porini katika Arabuni nzima wanakisiwa kuwa 200 au chini ya hapo. Nchi iliyoangamia kwa kuuawa mnyama, sasa imetengewa hifadhi ya wanyama. Mwenye kwenda pale akatazame na hilo pia.

Neno moja zaidi, kwa kuwa wako wanaochanganya. Si kila gofu ni mahali pa adhabu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoandikwa na UNESCO mwaka 1981, ni misikiti na majumba ya Waislamu wenzetu. Kilwa hiyo ndiyo aliyoiona Ibn Battuta ikiwa hai, na sultani wake Hasan bin Suleiman akimsifu kwa ukarimu. Waliouteka na kuuharibu mji mwaka 1505 ni Wareno. Kule hatukukatazwa kuingia wala kunywa maji. Haki yao ni kuombewa dua, si kuogopwa, wala si kupelekewa ubani na vitambaa kama wafanyavyo wajinga wetu, ambao msikiti mzima wa mtaani kwao hawaufagii.

Sasa jawabu la swali. Mwenye kwenda al-Hijri kwa nia ya kuzingatia, akaingia kwa unyenyekevu na moyo uliovunjika, akatoka bila ya kukawia, hakufanya haramu, kwani Mtume hakukataza moja kwa moja bali ameweka sharti. Asiyeweza kulia walau moyoni, sharti hakulitimiza, basi naye alipite bonde njiani bila ya kuingia katika majumba. Wala asidhani kuna thawabu ya ziara, kama ile ya misikiti mitatu. Anayekwenda kwa karamu na ngoma, huyo ndiye hasa aliyekatazwa, na ruhusa ya serikali haimpi ruhusa ya hadithi. Picha ya jabali sina neno nalo, lakini kuugeuzia mgongo mlango wa watu walioangamia ukacheka mbele ya mashine, sijui mtu ataiitaje adabu hiyo. Maji achukue ya Madina au ya mji wa al-Ula.

Na kwa kuwa wengi wameuliza habari ya sala: mwendo wa Madina mpaka al-Ula umepita masafa ya kukasiri, basi hata aliyekuwa akisali kamili Madina kwa kuwa amenuia kukaa siku nne au zaidi, akishatoka nje ya mji hukasiri na hujumuisha kama msafiri mwengine. Lakini ndani ya bonde asisali, kwa kuwa wanavyuoni wamekirihisha sala katika mahali pa adhabu. Aikusanye adhuhuri na alasiri mjini al-Ula kabla ya kwenda, au akawie nayo mpaka atakaporudi, maadamu ameinuia jamu ya kuchelewesha kabla wakati wa adhuhuri haujatoka. Wallahu aalamu.